UZI: Emotet ilivyopigwa chini na polisi wa nchi nane, na kwa nini mwaka haukuisha ikarudi

Mkata Waya

Wakuu salaam. Juzi kuna mdau aliandika kwamba hizi operesheni za polisi wa kimataifa dhidi ya mahaka, yaani wadukuzi, ni maigizo, wanapiga picha na seva, wanatoa tamko, wiki ijayo virusi viko palepale. Nusu nakubaliana naye, nusu nakataa, na hiyo nusu ninayokataa ndo imenikalisha chini niandike. Nachukua kesi moja, virusi vya kompyuta vinavyoitwa Emotet, maana ndani yake kuna kila kitu, kazi safi ya polisi na mahali kazi ilipoishia njiani. Ni uzi mrefu, mwenye haraka apite kiroho safi.

Emotet ilionekana mara ya kwanza 2014. Wakati huo ilikuwa virusi vya kuiba taarifa za benki tu, na wakubwa wa kuumizwa walikuwa Wajerumani na Waaustria. Ingeishia hapo leo hamna mtu angeikumbuka. Ila jamaa waliokuwa nyuma yake wakashtuka kwamba kuna pesa ndefu zaidi kwenye kukodisha kuliko kuiba wenyewe. Yaani wao wanaingia kwenye kompyuta yako, wanatulia kimya, afu wanamuuzia mtu mwingine nafasi ya kushusha virusi vyake humo ndani. Dalali kabisa, nyumba si yake ila funguo anazo, na kila mpangaji anayemwingiza anamlipa. Wapangaji wenyewe ni TrickBot, QakBot na wengine, na nyuma ya TrickBot mara nyingi alikuwa anakuja Ryuk, hiyo ni ransomwea, inafunga mafaili yote ya kampuni afu wanadai walipwe bitikoini ndo wakufungulie.

Kuingia kwenyewe sasa. Unapata emaili ina faili la Word. Ukilifungua linakwambia hati hii ilitengenezwa kwenye toleo lingine, bofya pale juu uruhusu ionekane. Ukibofya umekwisha, makro (vijiamri vilivyofichwa ndani ya faili) inaamka, inaita PowerShell, programu ya amri iliyomo kwenye Windows, mzigo unashuka. Utasema mimi mjanja sifungui emaili ya nisiyemjua. Hapo ndo walikuwa wabaya hawa watu, maana Emotet ilikuwa inaiba emaili zilizomo kwenye kompyuta ya mtu iliyemuwahi, afu inajibu mazungumzo yaleyale ya zamani. Wewe mwezi uliopita uliandikiana na mhasibu wa kampuni inayowaletea mzigo kuhusu invoisi namba fulani, leo unapata jibu kwenye mazungumzo hayohayo, jina lake juu, maneno yako mwenyewe yako pale chini, na kamstari kamoja tu "naomba uangalie kiambatanisho". Nani asingefungua?

Nameza chai narudi.

Dogo Keko

Nimekaa paleee. Tiririka mkuu.

Bi Mkasi

Kaka mimi swali langu la kishamba, hii kitu ilifika huku kwetu au ni shida za Wazungu na pesa zao?

Mkata Waya

@Bi Mkasi swali zuri dada. Nyaraka za kesi huko Marekani zinataja kompyuta zaidi ya milioni 1.6 duniani zilizoshikwa na Emotet kati ya Aprili 2020 na Januari 2021, na za Marekani zilikuwa elfu 45 na ushee tu. Hayo mamilioni mengine unadhani yalikuwa wapi, ni dunia nzima iliyobaki, na huku kwetu ofisi ngapi zinatumia Windows ya kukraki na Office ya kukraki ambayo haijawahi kupata apdeti tangu fundi aiweke? Tofauti ni kwamba wenzetu wakipigwa wanatangaza.

Na walipigwa kweli. Mji wa Allentown huko Pennsylvania 2018 usafishaji uliwagharimu karibu dola milioni 1. Septemba 2019 ikaingia mahakama ya rufaa ya Berlin, ile wanaiita Kammergericht, ikabidi wakate mahakama nzima kwenye mtandao, ukitaka kuwasiliana nao ni simu, faksi au barua ya posta. Fikiria, Berlin hiyo, 2019, majaji wanategemea faksi. Desemba mwaka huohuo jiji la Frankfurt nalo likazima mtandao wake lenyewe kabla mambo hayajaharibika zaidi.

Sasa ndo tufike kwenye polisi. Bundeskriminalamt, hao ni polisi wa upelelezi wa Ujerumani ngazi ya taifa, pamoja na waendesha mashtaka wa Frankfurt walifungua jalada Agosti 2018. Walianza na seva walizozikuta Ujerumani kwao. Kila seva waliyoichungulia inaelekeza kwenye seva nyingine iliyoko nchi nyingine, na ile nayo inaelekeza mbele. Ndivyo ilivyojengwa makusudi. Kompyuta yako ikishaambukizwa ilikuwa na orodha ya anwani za IP kadhaa (namba za kutambulisha mashine kwenye intaneti) za kupiga hodi, na hizo nyingi ni seva za watu baki zilizodukuliwa, mwenyewe hana habari, anauza viatu mtandaoni huku seva yake inapitisha amri za Emotet. Hizo zinapeleka kwenye ngazi ya pili, ya pili inapeleka juu zaidi, na huko juu ndo kuna seva kuu. Waholanzi walikuja kusema seva kuu zilikuwa tatu na mbili kati yake ziko Uholanzi kwao.

Wakili wa Kijiweni

Kwa hiyo si wangezima hizo tatu tu? Nchi nane za nini?

Mkata Waya

@Wakili wa Kijiweni hapo ndo patamu. Ukizima moja wenzake wawili wanabaki hai, na ndani ya dakika chache wahusika wanatuma apdeti kwa kompyuta zote zilizoambukizwa, orodha mpya ya anwani hii hapa, zile za zamani sahau. Umepoteza miaka miwili ya upelelezi kwa kiherehere cha asubuhi moja. Kwa hiyo lazima zote zianguke kwa mpigo, na huwezi kufanya hivyo ukiwa nchi moja maana polisi wa Ujerumani hana mamlaka ya kuingia kwenye chumba cha seva Vilnius, atakamatwa yeye. Inabidi hakimu wa Lithuania atoe kibali, hakimu wa Ufaransa atoe cha kwake, na vyote viwe tayari siku moja. Njia ya kawaida ya kuombana msaada wa kisheria kati ya nchi na nchi inachukua miezi, wakati seva inahamishwa kwa usiku mmoja.

Kazi hiyo ya kuoanisha ilifanywa na Europol upande wa polisi na Eurojust upande wa waendesha mashtaka, zote mbili ziko The Hague. Nchi zenyewe ni Uholanzi, Ujerumani, Marekani, Uingereza, Ufaransa, Lithuania, Kanada na Ukraine. Na mimi nasema hivi, hao makarani wa Eurojust wanaokaa kupanga vibali ndo mashujaa ambao hakuna anayewapigia makofi, watu wanataka kuona mlango unavunjwa.

Mlango nao ulivunjwa. Ukraine. Polisi wa kule waliitoa video, itafuteni, wanaingia kwenye nyumba ya mtaani ya kawaida kabisa, hamna kasri hamna gari la kifahari, humo ndani kuna kompyuta zimefunguliwa matumbo, nyaya zimejaa kila mahali, hadi diski zilizopangwa kama za fundi simu, afu wanafungua wanatoa mabunda ya noti na vipande vya dhahabu. Dhahabu wakuu! Polisi wa Ukraine walisema wamewatambua raia wawili waliokuwa wanahudumia mitambo, na kwamba kifungo kinaweza kufika miaka 12.

Na nyumba hiyo ilikuwa muhimu kuliko hiyo dhahabu, kwa sababu kupitia kwa mtuhumiwa wa Ukraine ndipo wapelelezi waliposhika usukani wa mfumo wenyewe. Hawakuuzima. Waliukamata ukiwa unatembea. Januari 27, 2021 Europol wakatangaza kwamba mitambo ya Emotet, seva mamia kadhaa duniani, iko mikononi mwao kutokea ndani. Ujerumani peke yake zilichukuliwa seva 17. Waholanzi wakakuta humo hifadhi ya anwani za emaili karibu laki 6 na paswedi zake zilizoibwa, wakafungua ukurasa, unaandika emaili yako unajua kama umo.

Nyundo254

Maze hii ni kali. Sasa zile kompyuta zilikuwa zimeingiliwa zikafanyiwa nini? Si bado virusi viko ndani.

Mkata Waya

@Nyundo254 kaka umegusa penyewe. Wajerumani waliandaa faili lao, wakalipitisha kwenye njia ileile ya Emotet ya kupeleka apdeti. Kompyuta zote zilizokuwa zinapiga hodi kwa mahaka zikapokea faili la polisi, kuanzia hapo zikawa zinapiga hodi kwa polisi, na ndani ya lile faili kulikuwa na tarehe, Aprili 25, 2021. Ikifika siku hiyo Emotet inajifuta yenyewe. Na ilijifuta. Ila angalieni, ilijifuta Emotet tu, kama TrickBot alishaingizwa humo kabla basi huyo alibaki, kwa hiyo ile miezi mitatu ya kusubiri ilikuwa ya kuwapa watu nafasi ya kuarifiwa na kusafisha, sio mapambo.

Wakili wa Kijiweni

Ngoja ngoja. Polisi wa Ujerumani ameweka faili kwenye kompyuta ya mtu wa Mbeya bila kibali cha mtu yeyote Mbeya? Hiyo kisheria inaitwaje? Maana sheria yetu ya makosa ya mtandao ya 2015 inasema kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa, haijaandika isipokuwa kama una nia njema.

Mkata Waya

Ndo swali ambalo hata kwao walibishana sana. Wamarekani kwenye nyaraka zao waliandika kwa uangalifu mkubwa kwamba faili liliwekwa na polisi wa nchi ya nje, sio na FBI. Ona walivyokwepa. Miaka miwili baadaye kwenye QakBot FBI wenyewe wakafanya kitu kilekile ila safari hii na kibali cha mahakama yao, Agosti 2023, kompyuta zaidi ya laki 7 zikaelekezwa kwenye seva zao zikapewa faili la kuondoa. Laki 2 hivi ndo zilikuwa Marekani. Kibali cha hakimu wa California kimefikaje Nairobi, jibu ni kwamba hakijafika.

Msimamo wangu mimi, bora wafanye. Mwenye kompyuta hajui kama anaumwa, mtoa huduma wake wa intaneti hajui au hajali, na kuacha ile kompyuta na virusi ndani huku unajua dawa iko mkononi sioni ni uungwana gani. Ila kuwe na utaratibu ulioandikwa, tuarifiwe, angalau TZ-CERT, kitengo chetu cha taifa cha dharura za mtandao, wapewe orodha ya IP siku hiyohiyo.

Wakili wa Kijiweni

Leo nia njema, kesho je? Serikali ikishazoea kuingia bila hodi haitaacha. Mimi sitaki.

Chokochoko

Mkuu usizunguke. Kichwa cha uzi kimesema ilirudi. Tueleze ilirudije, maana hapo ndo hoja yangu ya maigizo ilipo.

Mkata Waya

Ahaa kumbe mdau mwenyewe uko humu, karibu sana.

Ilirudi katikati ya Novemba 2021. Watafiti waliokuwa wanafuatilia TrickBot wakaona kitu cha ajabu, kompyuta zenye TrickBot zinashusha faili jipya, wakilifungua ni Emotet, imeboreshwa na mawasiliano yake yana usimbaji mpya. Yule mpangaji wa zamani ndo amemrudisha dalali mjini. Hawakuwa na kompyuta hata moja ya zamani, polisi walishazifuta zote, wakaanza upya juu ya mgongo wa TrickBot, na kufika 2022 walikuwa wanamwaga emaili tena kama zamani.

Sababu ni moja na haina utaalamu wowote. Waliopatikana Ukraine walikuwa wahudumu wa mitambo. Walioandika programu na walioshika pesa walikuwa nje. Ukimnyang'anya mtu mamia ya seva ukamwacha yeye na kompyuta yake, na ujuzi wake, na namba za wateja wake, umemchelewesha. Miezi kumi sio haba, kuna hospitali na halmashauri ambazo hazikupigwa ndani ya miezi hiyo, ndo maana nakataa neno maigizo. Ila kuvunja si kumaliza.

QakBot hivyohivyo. Operesheni ya 2023 ilikuwa na nchi saba, walichukua kripto ya dola milioni 8.6, hakukuwa na mtu hata mmoja aliyewekwa pingu, Desemba ile ile emaili zake zikaonekana tena. Mei 2025 ndo Wamarekani wakatoa mashtaka dhidi ya Rustam Gallyamov wa Moscow, wanamtuhumu kuwa ndo kiongozi. Yuko Moscow. Katiba ya Urusi inakataza kumpeleka raia wao nchi nyingine kushtakiwa, kwa hiyo hesabu mwenyewe. Evgeniy Bogachev wa Gameover Zeus, botineti (jeshi la kompyuta zilizotekwa na virusi) iliyovunjwa Juni 2014 na kundi la nchi nyingi vilevile, amewekewa zawadi ya dola milioni 3 tangu 2015 na hadi leo hajaletwa mahakamani.

Chokochoko

Umenijibia mwenyewe, asante. Ushirikiano wa kimataifa ambao nchi inayowahifadhi hawa watu haimo, huo ni ushirikiano wa waathirika kufarijiana.

Dogo Keko

😂😂😂 Chokochoko leo kaamka vizuri

Nyundo254

@Chokochoko lakini si lazima iwe kukamata pekee. Mnakumbuka Conficker? Kama ulikuwa campus 2009 unakumbuka, ukichomeka flashi kwa saiba ukirudi nayo hostel imejaa vitu hujaweka wewe. Hiyo walipigana nayo bila kumshika mwenyewe na ilikwama.

Mkata Waya

@Nyundo254 umenikumbusha mbali, na hii inawahusu nyinyi Wakenya moja kwa moja.

Conficker ilitoka Novemba 2008 ikipita kwenye tundu la Windows ambalo Microsoft walishaliziba mwezi mmoja kabla, shida watu hawakuweka apdeti. Ujanja wake ilikuwa haina seva maalum, kila siku inatunga majina ya domeini, yaani majina ya tovuti, 250 kwa hesabu inayoendana na tarehe, inayapigia hodi, mwenye nayo akitaka kutoa amri anasajili jina moja tu kati ya hayo. Watafiti wakaing'amua ile hesabu, wakawa wanasajili majina yote mapema wao wenyewe. Februari 2009 Microsoft, ICANN (shirika linaloratibu majina ya intaneti duniani), wasimamizi wa domeini na kampuni za antivairasi wakaunda kikundi kilichoitwa Conficker Working Group, na Microsoft wakaweka zawadi ya dola 250,000 kwa atakayemtaja mwenyewe.

Jamaa hawakulala. Wakatoa toleo jipya, kuanzia Aprili 1, 2009 linatunga majina elfu 50 kwa siku, na safari hii yametawanywa kwenye vikoa vya nchi zaidi ya mia duniani. Kwenye orodha hiyo .co.ke ilikuwemo, .co.ug ilikuwemo, na .cd ya Kongo. Maana yake ili mpango ufanye kazi ilibidi mtu anayesimamia usajili wa majina Nairobi, na mwenzake Kampala, na wenzao kwenye visiwa ambavyo hata kwenye ramani huvioni, wote wapokee orodha kila siku na kuyazuia hayo majina. Watu ambao hawajawahi kuonana, wengi bila mkataba wowote, ni emaili na kupigiana simu. Na kwa sehemu kubwa walifanikiwa, Aprili 1 ikapita hamna la maana lililotokea. Conficker iliendelea kuwepo kwenye kompyuta nyingi miaka na miaka, ila mwenyewe akashindwa kuitumia alivyotaka.

Mimi huu ndo ushirikiano ninaoupenda zaidi kuliko wa helikopta. Hauhitaji Moscow ikubali kitu.

Mzee wa Saba Saba

Vijana mmenifurahisha. Niongeze la Liberia maana naona Afrika mnaitaja kwa mbali. 2016 mwishoni kampuni ya simu ya Lonestar kule Monrovia ilipigwa na botineti ya aina ya Mirai, zile zinazoteka kamera na rauta zenye paswedi ya kiwandani. Aliyeifanya ni Mwingereza, Daniel Kaye, na aliyemkodi ni mkubwa mmoja ndani ya Cellcom, kampuni pinzani hukohuko Liberia. Biashara ya vocha na bando tu, mtu anakodi mhaka kwa dola elfu 10 kwa mwezi amuangushe mwenzake!

Mkata Waya

Shikamoo mzee. Hiyo kesi naomba watu waielewe vizuri kwa sababu inaonyesha mnyororo ukifanya kazi. Botineti hiyohiyo Novemba 2016 ilijaribu kuteka rauta za Deutsche Telekom, rauta zikashindwa, wateja karibu laki 9 Ujerumani wakakosa intaneti. Ni kosa hilo ndo liliwaamsha Wajerumani. Februari 2017 akakamatwa uwanja wa ndege wa Luton Uingereza, makazi yake yalikuwa Cyprus, akapelekwa Ujerumani akahukumiwa kifungo cha nje, akarudishwa Uingereza, Januari 2019 mahakama ya London ikampa miaka 2 na miezi 8 kwa ile ya Liberia. Jiulizeni, kama asingewagusa Wajerumani, malalamiko ya Monrovia peke yake yangemtoa Cyprus?

Mzee wa Saba Saba

Marahaba. Jibu tunalo sote.

Bi Mkasi

Na sisi polisi wetu wako wapi kwenye haya yote? Au ndo wanashughulika na wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii"?

Mkata Waya

@Bi Mkasi wapo, na usiwadharau. Interpol waliendesha Operesheni Serengeti, jina hilo tumepewa heshima, Septemba na Oktoba 2024, nchi 19 za Afrika, Tanzania, Kenya, Rwanda na Kongo zikiwemo. Walikamatwa watu 1,006 na wakasema wamevunja mitambo 134,089 ya kihalifu mtandaoni. Mwaka 2025 ikarudiwa, nchi 18 za Afrika na Uingereza, waliokamatwa 1,209. Ila ukisoma undani wake sehemu kubwa ni utapeli wa kadi, uwekezaji hewa na emaili za kampuni, kwa sababu hao ndo wako ndani ya uwezo wa kuwafikia. Ile ya kadi Kenya peke yake ilikuwa ya dola milioni 8.6.

Upande wa mikataba tumejivuta. Umoja wa Afrika uliandika Mkataba wa Malabo 2014, ulihitaji nchi 15 tu ziuridhie uanze kazi, ukaanza Juni 2023. Miaka tisa! Sasa hivi kuna wa Umoja wa Mataifa uliopitishwa Desemba 2024 na kufunguliwa kutiwa saini Hanoi Oktoba 2025. Aliyeusukuma tangu mwanzo ni Urusi, na watetezi wa haki za binadamu wanaulalamikia kwamba utatumika kuchunguza watu wasio na kosa, kwa hiyo hofu ya Wakili hapo juu haiko peke yake.

Fundi wa Usiku

Nimesoma kimya tangu mwanzo, nafanya kazi kwenye chumba cha kuangalia mtandao kwa mtoa huduma mmoja, sitamtaja. Niwaambie kinachotokea huku ndani. Shadowserver, shirika lisilo la faida, linatuma ripoti kila siku bure kwa CERT za nchi na kwa mwenye mtandao yeyote aliyejisajili, IP hii imeonekana inapiga hodi kwenye seva ya kunasia (seva ya walinzi inayopokea mawasiliano badala ya ile ya wahalifu) ya botineti fulani, saa fulani. Ripoti zinafika. Shida ni kwamba mtandao wa simu IP moja wanatumia wateja mamia kwa wakati mmoja, ili ujue ni nani unahitaji namba ya pote (port, mlango wa mawasiliano aliopewa mteja) na sekunde yenyewe, na uwe umehifadhi kumbukumbu za hizo pote. Hizo kumbukumbu zinakula diski balaa. Wengi hawahifadhi kwa kina hicho, au wanahifadhi siku chache tu. Kwa hiyo ripoti inasomwa, inasainiwa, inakufa. Polisi wa The Hague kafanya kazi yake yote vizuri, mtu wa Temeke hajapigiwa simu.

Mkata Waya

@Fundi wa Usiku hii comenti yako ni nzito kuliko uzi wangu. Na hapo bado hujagusa bosi kuuliza "huyu mteja tukimwambia ana virusi atatulipa nini".

Fundi wa Usiku

Hahaha umenipatia. Na saizi siyo hata kompyuta tena, tunachoona kwa wingi ni hivi viboksi vya TV vya Android. Vinakuja na virusi kutoka huko vinakotengenezwa, mteja hajabofya chochote. FBI walitoa onyo Juni 2025 kuhusu botineti ya Badbox 2.0, na Google walipofungua kesi mwezi uliofuata walitaja vifaa zaidi ya milioni 10. Vinageuza intaneti ya nyumbani kwako kuwa njia ya kupitia watu wengine, mtu anafanya wizi wake huko duniani, IP inayoonekana ni ya sebuleni kwako.

Wajerumani Desemba 2024 walifanya kitu safi sana kuhusu Badbox ya kwanza. Mamlaka yao ya usalama wa mtandao iliagiza kila mtoa huduma mwenye wateja zaidi ya laki moja aelekeze mawasiliano ya vile viboksi kwenye seva ya kunasia, vifaa kama elfu 30 vikakatwa mawasiliano na wakubwa wao, na wateja wakaandikiwa barua. Sheria ya kuwaamuru hivyo wanayo. Huku kwetu mimi nikielekeza mawasiliano ya mteja bila karatasi kutoka juu, kazi sina.

Bi Mkasi

Weee! Hiki changu nilikinunua Kariakoo kwa sababu kina mpira wote bure. Nitajuaje?

Fundi wa Usiku

Dada, hiyo "mpira wote bure" ndo dalili ya kwanza. Angalia mambo haya: kama kilikuambia uzime Play Protect, ulinzi wa Google dhidi ya app mbaya, ili app zifanye kazi, kama hakina Play Store ya kweli bali soko lingine la ajabu, na kama hakijathibitishwa na Google, kwenye Play Store ukifungua mipangilio sehemu ya kuhusu utaona imeandikwa. Kingine, kizime TV ila kiboksi kikiwa kwenye umeme, afu angalia kwenye rauta kama bado kinapeleka data nyingi usiku kucha. Kurudisha kwenye mipangilio ya kiwandani hakusaidii, maana virusi viko kwenye programu ya kiwandani yenyewe.

Chokochoko

Na aliyeuza Kariakoo hajui, aliyeagiza hajui, wa bandarini hajui. Tumkamate nani sasa?

Nyundo254

Luthuli huku Nairobi pia vimejaa hivyo hivyo, na jina kwenye boksi tofauti kila wiki. Hapo ndio CA ya kwetu na TCRA yenu, wasimamizi wa mawasiliano, wangekaa meza moja, aina ikikataliwa Mombasa isipite Dar, ama namna gani?

Mkata Waya

@Nyundo254 hiyo inawezekana bila kungoja Hanoi wala Malabo, vibali vya aina ya vifaa tayari wanatoa hao hao wawili. @Bi Mkasi chomoa kwanza hicho kidude, badilisha paswedi ya waifai na ya akaunti yoyote uliyoingia kupitia hapo, mpira wa wikiendi njoo uangalie kwetu Tabata.

Bi Mkasi

Nimeshachomoa. Mume wangu ananiuliza kwa nini nimechomoa na dabi ni kesho, @Fundi wa Usiku hebu njoo umjibu wewe.